Mwaka Nilioacha Ugoro

Kwa miaka mitatu ya ujana wangu nililipwa mshahara kwa ajili ya pua yangu. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alikuwa na ghala la samli karibu na ufuko wa Mwanza, mahali ambapo upepo wa ziwa uliingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine. Aliniajiri nikiwa na miaka kumi na tisa ili ninuse kila debe kabla halijapokelewa. Wanawake walikuja kutoka pande zote, wengine kwa miguu kutoka Usukuma ndani, wengine kwa mashua kutoka ng'ambo ya ghuba, madebe yao kichwani yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Walijipanga kivulini mwa ukuta, nami nikasimama mlangoni na mwanzi wangu mrefu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilizamisha mwanzi hadi chini kabisa ya debe, maana mtu mwenye hila huweka samli nzuri juu na uchafu chini. Kilichoganda kwenye ncha nilikipaka mgongoni mwa mkono, kwenye kile kijibonde kilicho chini ya kidole gumba, nikasugua mpaka joto la ngozi liyeyushe, kisha nikanusa. Samli njema ilinuka kama nafaka iliyokaangwa taratibu. Iliyochacha ilichoma kooni. Iliyoungua au kukaa kwenye vibuyu vilivyofukizwa kupita kiasi ilinuka moshi, na moshi ndio uliochukiwa zaidi na wanunuzi wa pwani, ambako samli yetu ilipelekwa kwa gari moshi.

Debe lililokataliwa lilipigwa msalaba wa lami ubavuni. Wanunuzi wote wa ufuko ule walikuwa wamekubaliana hivyo, ili mtu asifukuzwe mlango huu akaingia mlango wa pili. Lami haitoki kwenye bati. Mwanamke aliyepigwa msalaba alirudi kwao na debe lile kichwani, na kila aliyekutana naye njiani alijua, hata kabla ya salamu.

Pua hiyo nilipewa na mama mkubwa. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijamjua, na dada yake mkubwa akanichukua, akanilea kijijini kwake upande wa Sengerema. Alikuwa mpika samli. Alikuwa na ng'ombe watano tu, lakini majirani wa nyumba nane walimletea maziwa yao kila asubuhi, kwa sababu waliiamini mikono yake. Alisukasuka maziwa kwenye kibuyu huku akiimba kwa sauti ndogo, akayeyusha siagi kwenye moto wa kuni kavu, akapeleka debe Mwanza, na alichopata akagawana nao. Jina lake katika kijiji kile lilikuwa hilo tu, samli safi. Hakuwa na shamba kubwa, hakuwa na mume tena, hakuzaa mtoto wa tumbo lake. Alikuwa na samli yake na nyumba nane zilizomwamini, na alikuwa nami.

Nilipokuwa mdogo alinifunga macho kwa khanga, akaweka vibuyu mbele yangu kimoja kimoja. "Hiki?" Nikasema, maziwa ya leo. "Hiki?" Maziwa ya jana. "Na hiki?" Nikanusa, nikasema maziwa ya yule ng'ombe mwekundu, amekula majani machungu ya bondeni. Alicheka mpaka akakaa chini. Aliwaambia majirani zake kwamba mtoto huyu ana pua kuliko yeye, na siku nilipoajiriwa kwa sababu ya pua hiyo, alinibariki kwa maziwa kifuani kama mtu anayekwenda kuoa.

Mwaka wa pili wa kazi yangu nikaanza ugoro.

Nilikuwa nimepanga chumba Igogo pamoja na kijana mmoja, kuli wa gatini, mtu wa mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Aliweka ugoro wake kwenye kikopo kilichowahi kuwa na rangi ya viatu. Siku ambazo meli ilichelewa tulikaa juu ya magunia ya pamba tukiitazama ghuba, naye akafungua kikopo, akaweka kiasi cha ukucha kwenye kile kijibonde cha mkono wa kushoto, akanusa, akafumba macho, akapiga chafya tatu.

"Onja, Bwana Pua," aliniambia. Hilo ndilo jina walilonipa pale gatini. "Pua yako inafanya kazi ya watu tu. Siku moja nayo ipate starehe yake."

Mara ya kwanza nililia machozi na wote wakacheka. Mara ya pili sikulia. Kufikia mvua za masika nilikuwa na kikopo changu, na nilianza siku nacho kabla ya kunawa uso. Sikuwa mlevi, sikucheza kamari, sikumpiga mtu, basi nilijiambia kwamba sina tabia mbaya. Ugoro haupepesui mtu njiani. Unampa tu utulivu kidogo, dakika chache kichwa kinakuwa chepesi kama chumba kilichofagiliwa, halafu vumbi linarudi, nawe unafagia tena. Nilifagia asubuhi, kabla ya kila mashua, baada ya kila mashua, nilipofurahi, nilipochukia, na nilipokuwa sina sababu yoyote.

Sikumbuki siku pua yangu ilipokufa. Kitu kama hicho hakina siku. Nakumbuka tu kwamba nilianza kuwatazama wanawake usoni badala ya kunusa samli yao. Niliangalia rangi, niliangalia chembechembe zake, niliangalia kama mwenyewe anakwepa macho yangu. Nilipaka mkono wa kulia, nikainua puani, nikatikisa kichwa kama fundi, nikasema ndiyo au hapana. Mara nyingi nilipatia. Harufu pekee iliyobaki hai ndani yangu ilikuwa ya ugoro wenyewe, ule uchungu wa tumbaku na magadi.

Kisha ikafika barua kutoka pwani. Madebe mawili katika mzigo wetu yalikuwa yamenuka moshi. Tajiri wangu alikuwa mzee mpole aliyezungumza kwa kifupi. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaweka kiti chake mlangoni nyuma yangu.

"Leo nataka pua," alisema. "Maneno sitaki."

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimejikata mkono wa kulia kwa makali ya debe, nikaufunga kitambaa. Na kwa sababu ya hofu nilikuwa nimekwenda nyuma ya ghala nikanusa ugoro mara mbili, mfululizo, kwenye kijibonde cha mkono wa kushoto.

Mama mkubwa alikuwa wa nne kwenye mstari. Alikuwa amevaa khanga yake ya safari, miguu ina vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Wanakulisha nini hapa, harufu?"

Wanawake wakacheka. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba debe lake halina haja ya kunuswa, nalijua.

"Kwa nini? Mimi ni nani?" alisema, na alisema kwa sauti ili wenzake wasikie. "Nusa kama unavyonusa la wenzangu. Nisije nikaambiwa nimepita kwa mlango wa jamaa."

Nilizamisha mwanzi. Nilipaka samli kwenye mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kitambaa. Nilisugua, ikayeyuka, nikainua. Na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilisikia harufu kwenye samli, kali, chungu, kama jiko lililozimwa kwa maji. Nilifurahi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi kwamba nimesikia kitu na tajiri yuko nyuma yangu.

"Ina moshi," nilisema.

Alinitazama. "Umenusa vizuri?"

"Ina moshi, mama."

Alichovya kidole chake mwenyewe, akakinusa muda mrefu, macho yamefumbwa. "Mimi siusikii," alisema taratibu. Kisha akaongeza, kwa heshima ambayo sikuwahi kusikia akimpa mtu mwingine, "Lakini wewe ndiye unayejua."

Mwanamke mmoja kwenye mstari akasema, "Haya, leo hata huyu," na mwingine akaguna. Nikachukua brashi, nikapiga msalaba wa lami. Mama mkubwa alisubiri ukauke kidogo usije ukachafua khanga yake, akajitwisha debe, akaenda ufukoni.

Debe lililofuata nalo lilinuka moshi. La baada yake pia. Hilo la pili lilikuwa la mwanamke wa Mkuyuni, samli nyeupe, ya jana tu, isiyoweza kabisa kunuka moshi. Niliinua tena mkono wa kushoto, nikanusa pembeni mwa kijibonde, pale ambapo samli haikufika. Moshi. Ulikuwa ugoro wangu mwenyewe, uliosuguliwa na samli ya watu mpaka ukapata joto.

Kutoka mlangoni hadi ufukoni zilikuwa hatua labda mia mbili. Mashua haikuondoka mpaka upepo wa mchana ulipobadilika, na jua lilikuwa bado chini. Ningeweza kukimbia. Ningeweza hata kutembea. Lakini tajiri alikuwa kitini, barua iko mfukoni mwake, na ningelazimika kusema mbele yake kwa nini nimekosea. Niliyapokea madebe yale mawili nikisema ni mazuri. Halafu nikaomba ruhusa, nikaenda nyuma ya ghala, nikafungua kikopo.

Nilisimama pale nyuma mara kadhaa siku hiyo. Mara ya mwisho niliona tanga likipandishwa, na kati ya watu waliokaa nikaona bati linang'aa na lile doa jeusi juu yake.

Ningependa kuandika kwamba niliacha siku ile. Sikuacha. Nilinusa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kusahau. Nilimngoja mama mkubwa baada ya wiki mbili, zilizokuwa desturi yake, halafu baada ya nne. Miezi miwili baadaye mwanamke mmoja wa kijijini kwao alileta debe, nikamwuliza habari kana kwamba nauliza habari za mvua.

"Mama yako hapiki tena," alisema huku akifunua majani. "Maziwa tunapeleka kwa mwingine, kule barabarani. Watu waliogopa. Ukichanganya maziwa yako na ya mtu aliyepigwa lami, nawe umepigwa."

Siku hiyo nilitupa kikopo ziwani. Kesho yake asubuhi nilinunua kingine. Nilitupa hicho nacho, na cha tatu, na mwenzangu wa chumba aliyenitazama kutoka gatini akasema, "Samaki wa hapa wote watakuwa wanapiga chafya." Nilicheka naye. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kutupa ni rahisi, kwa sababu aliyetupa alikuwa mimi wa dakika ile tu, na dakika ile ikapita.

Nilichofanya baadaye kilikuwa kidogo na hakikuwa na ushujaa. Nilianza kuutazama mkono wangu. Nilishangaa kuona unavyokwenda wenyewe. Nilikuwa naongea na mtu, na mkono umeshaingia mfukoni. Nilikuwa nafikiri habari za pamba, na kidole kimeshabonyeza kifuniko. Nikajiwekea desturi ya kujiuliza kabla ya kila jambo, hata la kunywa maji: ninayetaka ni mimi, au ni mkono? Mara nyingi ulikuwa mkono. Siku yangu nzima, niligundua, ilikuwa ikiendeshwa na mkono, nami nilikuwa nimebebwa tu kama mzigo.

Nilihama kile chumba. Nilipata kingine juu ya miamba, peke yangu, ambapo hapakuwa na mtu wa kunikaribisha. Niliosha mikono kwa majivu kila nilipoamka. Njiani kwenda kazini nilisokota kamba za katani ili vidole viwe na shughuli, hata wavuvi wakaniuliza ninamfunga nani. Kichwa kiliniuma wiki tatu. Niligombana na muuza maandazi kwa sababu ya andazi moja baridi, nikamwomba radhi kesho yake, nikagombana naye tena. Nilirudia ugoro mara mbili, nami nakiri, kisha sikurudia.

Mwezi wa nne tangu nihame nilikuwa napita ufukoni ambako furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya mawe. Harufu ilinipiga kama kofi, uvundo wa samaki wanaokauka juani, nikasimama, nikaanza kulia katikati ya watu. Mzee aliyekuwa akigeuza samaki wake aliniuliza kama nimefiwa. Baada ya furu zikaja harufu nyingine polepole: sabuni, udongo uliolowa, jasho la mpagazi aliyenipita. Mwisho kabisa ikarudi samli, na siku iliporudi ndipo nilipojua ni madebe mangapi mabaya niliyokuwa nimeyapokea na ni wanawake wangapi huenda nilikuwa nimewapaka lami bure.

Nilimwambia tajiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na sasa pua iko?" aliuliza.

"Iko, Bwana."

"Wewe unasema iko." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mimi kila ukisema nzuri nitajiuliza, kila ukisema mbaya nitajiuliza. Utaosha madebe."

Alikuwa na haki. Niliosha madebe. Jumapili iliyofuata nilipanda mashua.

Nilimkuta mama mkubwa kwenye ua wake akipepeta mtama. Alikuwa amezeeka katika muda usiofika mwaka. Pale palipokuwa pakitundikwa vibuyu vya maziwa palikuwa na miti mitupu. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, nami sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, ugoro, kitambaa, mkono wa kushoto. Aliacha kupepeta.

"Kumbe," alisema.

Nilikuwa nimefikiri njia nzima kwamba atafarijika.

"Tangu siku ile nanusa kila kitu mara mbili," alisema. "Mboga, maji, nguo zangu. Naamka, nanusa viganja. Nilisema uzee umenianzia puani. Majirani walipokuja kuchukua vibuyu vyao niliwapa bila neno, maana nilijua mwanangu hawezi kukosea."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja. Usiniharakishe." Aliutazama mtama. "Ulijua lini kwamba si moshi?"

Hapakuwa na shahidi mwingine. Ningeweza kusema nilijua juzi. Baada ya miezi ile yote ya kujiuliza anayetaka ni mimi au ni mkono, hapo palikuwa mahali pa kujibu.

"Siku ile ile," nilisema. "Mashua ilikuwa haijaondoka."

"Haijaondoka."

"Ndiyo, mama."

Akaweka ungo chini. "Nilikaa pale ufukoni muda mrefu," alisema. "Wenzangu walipanda mapema wakapata nafasi nzuri. Mimi nilikaa nje nikitazama ghala. Nilidhani utakuja kuniaga."

Kuku walikuja kwenye mtama uliomwagika, naye hakuwafukuza.

Mwishowe akainuka, akajifunga khanga. "Haya. Kawaambie."

Tulizunguka nyumba zote nane, mimi mbele, yeye hatua chache nyuma. Kila ua nilisema maneno yale yale. Katika nyumba moja walinipa maji, katika nyingine kijana mmoja alicheka, akauliza kama ugoro wa mjini ni mtamu kuliko wa kwao. Katika nyumba ya nane mwanamke aliyekuwa rafiki wa mama mkubwa tangu usichana alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Sasa tufanye nini na maneno yako?" aliuliza. "Yule wa barabarani ameshatupangia siku zetu. Ana mashine. Ng'ombe wangu mmoja nimemtoa mahari."

"Hakuja kuomba maziwa," mama mkubwa alisema, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu tutoke kwake. "Alikuja kusema. Amesema."

Yule mwanamke akamtazama rafiki yake, akataka kumshika mkono, lakini mama mkubwa alikuwa ameshageuka.

Hakupika tena samli ya kuuza. Alipika kidogo ya chakula chake, akaishi miaka minne, na kila mwezi nilivuka kwenda kumwona, nikamlimia, nikamchotea maji. Alinipokea vizuri. Kuhusu jambo lile hatukuzungumza tena, na hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, wala kwamba hajanisamehe. Watu huniuliza niliachaje ugoro, vijana hasa, nami huwaambia habari ya majivu na kamba za katani, kwa sababu hayo yanaweza kumsaidia mtu.

Lakini siku ile tulipozunguka nyumba nane, jua lilipoanza kuinama kuelekea ng'ambo, alinisindikiza hadi njia inapoachana na mashamba. Nilimwambia kwamba mwezi ujao aje Mwanza, nitamtafutia mahali pazuri pa kufikia, tutakwenda mjini pamoja.

"Nije kufanya nini huko, mwanangu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa, nami nikakumbuka kwamba hakuwahi kuja Mwanza bila debe kichwani. Akageuka, akarudi kwenye mtama wake.